Tundu la antena la king'amuzi cha kurekodi limevunjika? Moshi fundi yupo, maeneo ya Mbuyuni

Nianze na jibu kabisa maana najua wengine mna haraka, king'amuzi kiko mezani hakisomi chaneli hata moja na kuna mtu ameshawaambia mkitupe. Msitupe. Moshi kuna fundi anatengeneza tundu la antena lililovunjika na anatengeneza kweli, habandiki. Mi nampa nyota nne kati ya tano, hiyo moja nimeipunguza kwa mambo ntakayosema huko mbele, ila kwa kazi ya mikono yake sina cha kupunguza.

Yuko maeneo ya Mbuyuni, fremu ndogo haina bango, nje kuna meza ya mbao imejaa redio na sabufa za watu, ndani giza kidogo mpaka macho yazoee. Jina na namba yake siweki, sijamuomba ruhusa na si mtu wa kupenda kutangazwatangazwa, lakini ukifika ukamuulizia mzee wa redio utapelekwa mpaka mlangoni. Ni mtu mzima, unaingia unampa shikamoo yake, na ana kijana anamfundisha kazi, huyo kijana nae ana heshima sana na mikono mizuri.

Sasa kifaa chenyewe. Ving'amuzi vya antena tumevizoea tangu analojia izimwe, Dar walizimiwa 31 Desemba 2012 na sisi huku kaskazini ikatufikia 2013, karibu kila nyumba ina kimoja. Ila hiki cha kwetu ni cha kurekodi, kina hadidiski humohumo ndani, unaweza kurekodi taarifa ya habari huku watoto wanaangalia katuni, na ukiondoka unakipangia saa kinarekodi chenyewe. Mjomba alikuja nacho kutoka Ujerumani, kinapokea DVB-T2, yani mfumo wa matangazo ya dijitali ya antena, ambao ndo huohuo tunaoutumia hapa Tanzania kwahiyo kilipofika tukakiwasha kikatafuta chaneli kikazipata, hatukuhitaji fundi wala nini. Kwa miaka yote hiyo ndo kimekua roho ya sebule ya wazazi wangu.

Kilichotokea ni kwamba nyumba ilikua inapigwa rangi, mafundi rangi wakavuta kabati la TV mbele wapate ukuta wa nyuma, waya wa antena ukiwa bado umechomekwa. Na ule waya sio mwembamba, ni RG6 mnene mgumu unaotoka kwenye paa, afu mwisho wake ulikua na adapta ya kukaza ikaingia kwenye adapta nyingine ya kuchomeka, yani kitu kirefu kimesimama nyuma ya king'amuzi. Kabati likasogea, waya ukabaki, lile tundu likakunjika.

Mwanzoni halikufa. Chaneli zenye nguvu zilikua zinaonyesha vizuri na zile dhaifu zinagandaganda, picha inakua vibox vibox na sauti inakatika. Ukiunyanyua waya kwa kidole picha inarudi, ukiuachia inaondoka. Mama akaweka kitambaa kimekunjwa chini ya waya ikakaa hivo kwa muda, afu ikafika mahali hata kitambaa hakisaidii, kioo cheusi, na king'amuzi kinaandika kwamba antena ina shoti. Hiyo meseji ya shoti muikumbuke kwasababu ndo iliyomsaidia fundi baadae.

Mtu atauliza, kwanini msinunue kingine, ving'amuzi vimejaa madukani. Ni kweli vimejaa. Ila ndani ya hiyo hadidiski kuna vitu vya nyumbani kwetu. Kuna kipindi cha kwaya ya usharika wetu walivyoonyeshwa kwenye TV, baba yupo mstari wa nyuma kwenye besi, na mama huwa anakiweka karibu kila Jumapili jioni. Kuna maombolezo ya Rais Magufuli Machi 2021, baba alirekodi masaa na masaa. Na hizi rekodi huwezi kuzihamisha hivihivi, ving'amuzi vingi vya aina hii vinafunga rekodi kwa ufunguo wa kifaa chenyewe, ukichomoa diski ukaipeleka kwenye kompyuta aidha haisomeki au kompyuta inakuomba uiformati, na hata ukiona mafaili hayachezi. King'amuzi kikifa na rekodi zimekwenda. Kwahiyo wakati huo rekodi za zamani zilikua bado zinacheza vizuri tu, kilichoharibika ni tundu, na hofu yangu kubwa ilikua ni fundi wa kulipua kazi aje aue na kile kilichokua kizima.

Na hofu hiyo haikua ya bure. Sehemu ya kwanza niliyopeleka, hapohapo mjini, jamaa hata hakufungua, alichukua supaglu. Nikamshika mkono. Supaglu haipitishi umeme, na ni majimaji kabisa, inapenya popote penye upenyo, ikishaingia kwenye kile kishimo cha katikati inapaka pale ambapo pini inatakiwa kugusana chuma kwa chuma. Inakauka, tundu kwa nje linaonekana limesimama imara, siginali ndani hakuna. Na akija fundi mwingine baadae kutaka kuunga kwa risasi, yani ule waya laini wa chuma unaoyeyushwa kuungia, lazima aikwangue gundi yote, maana ikipata moto inatoa moshi mkali wa kuwasha macho na risasi haishiki juu yake. Kwakweli kama kuna kitu kimoja nataka mtu aondoke nacho kwenye haya maandishi ni kwamba asikubali gundi kwenye tundu la antena, hata kama anaambiwa ni ya muda tu.

Sehemu nyingine wakaniambia tyuna, ile sehemu ya ndani inayopokea siginali, imeungua, na kijana wa pale akawa ameshaanza kutafuta kwenye menyu pa kurudisha mipangilio ya kiwandani. Kwenye king'amuzi cha kurekodi hiyo ni hatari, vingine ukikubali vinasafisha na diski yote. Nikachukua mzigo wangu nikaondoka. Sisemi ni watu wabaya, wamezoea ving'amuzi vya kawaida ambavyo ukivirudisha mwanzo hakuna unachopoteza, lakini mtu anatakiwa aulize kwanza kuna nini ndani.

Ndo rafiki yangu mmoja wa Majengo akanielekeza kwa huyu mzee.

Kitu cha kwanza nilichokipenda ni kwamba hakukimbilia bisibisi. Nimeweka king'amuzi mezani, nimemwamkia, akaitika marahaba mwanangu, akakigeuza akaangalia nyuma akalitazama lile tundu bila kuligusa, afu akaanza maswali. Kilianza ghafla au taratibu? Ukinyanyua waya picha ilikua inarudi? Kinaandika hakuna siginali au kinaandika shoti? Kuna kitu ndani mnakihitaji? Hilo la mwisho ndo lilinimaliza, hakuna mwingine alieniuliza. Nikamwambia habari ya kwaya na baba. Akamwambia kijana wake, "Hiki hakiguswi menyu mpaka nikwambie."

Nilipomwambia kinaandika shoti akatikisa kichwa akasema basi tyuna ina nafasi kubwa ya kua nzima. Akanieleza na mi nawaeleza kama nilivyomuelewa. Ving'amuzi kama hiki vinaweza kutoa umeme mdogo wa volti 5 kupandisha kwenye waya wa antena, kwa ajili ya zile antena zenye kikuza siginali ndani yake. Tundu likikunjika, kile chuma cha katikati kinalala kikagusa ringi ya nje, umeme ule unapiga shoti, king'amuzi kinajilinda kinaukata na kukuandikia. Kwahiyo ile meseji inasema katikati na nje vimegusana, haisemi tyuna imekufa. Akachukua mita ya kupimia umeme, waya wa antena umetolewa kabisa, akagusa katikati na pembeni, ikapiga kelele ya biii. Akaligeuza tundu kidogo kwa kucha, kelele ikanyamaza. Akasema umeona. Nikaona.

Bei akaitaja hapohapo kabla ya kufungua chochote. Kukagua 5,000, na mkikubaliana kazi hiyo 5,000 inaingia humohumo. Kazi yote na tundu na kipande cha waya alichonitengenezea ikaja 30,000. Nilijaribu kuomba apunguze kidogo, akasema akipunguza hela itabidi apunguze na kazi, nikaacha. Na siku ya kuchukua bei ilikua ileile, haikupanda hata mia, na hilo kwa mafundi wetu tunajua lilivyo adimu.

Aliniruhusu kukaa kuangalia, nikakaa. Alichomoa umeme, akafungua skrubu za mfuniko, na kabla hajaingiza mkono akachukua balbu yenye waya mbili akagusisha kwenye miguu ya kapasita kubwa ya upande wa umeme, ikamulika kidogo ikazima. Umeme wetu ni volti 230 lakini ukishanyooshwa ndani ya kifaa unapanda mpaka volti mia tatu na ishirini na kitu, na ile kapasita inaweza kubaki nazo hata ukishachomoa kwenye ukuta. Alikua anamwambia kijana wake, "Hapa usinionyeshe ushujaa." Afu akachomoa hadidiski, akaifunga vizuri akaiweka kwenye boksi mbali na meza ya kazi. Mi hapo moyo ukatulia kabisa, kwaya iko kwenye boksi, sasa afanye anachofanya.

Tundu la antena kwa ndani halijashikwa na bodi kubwa kama nilivyokua nafikiria. Linaingia kwenye kisanduku cha bati, ukubwa kama wa kiberiti, ndo tyuna yenyewe hiyo, na kile kibati kina kazi yake, kinazuia siginali nyingine zisiingie. Tundu ni bomba fupi limepita kwenye ukuta wa bati na limezungushiwa risasi pande zote, na katikati kuna kichuma chembamba kinaenda kugusa kibodi, yani bodi ndogo, humo ndani. Alipofungua kale kamfuniko ka bati akanionyesha kwa lenzi: risasi ya kuzunguka imepasuka karibu robo tatu ya duara, bomba limekua na umbo la yai, na kile kichuma cha katikati kimeng'oka na kunyanyua kipande cha njia ya shaba kwenye kibodi. Njia yenyewe nyembamba kuliko unywele, nikajiuliza hapa inaungwaje.

Akaanza na kutoa. Na hapa ndo nilielewa kwanini wengi wanashindwa. Ulaya tangu Julai 2006 walikataza madini ya risasi kwenye vifaa vingi vya umeme, kwahiyo vifaa vya huko vimeungwa kwa mchanganyiko usio na risasi ambao unayeyuka kwenye joto la nyuzi kama 217, wakati ile tuliyoizoea madukani inaanza kulainika kwenye 183. Afu bati lote lile linanyonya moto. Fundi akija na kifaa kidogo cha kulehemu chenye ncha nyembamba, mchanganyiko huo hauyeyuki vizuri, anakaa hapohapo muda mrefu anazidi kukandamiza, mwisho anaunguza kibodi cha ndani. Mzee anatumia vifaa viwili, kikubwa chenye ncha pana kwa ajili ya bati, na kidogo kwa ajili ya kile kichuma cha kati. Kwanza aliongeza risasi ya kawaida juu ya ile ya kiwandani zichanganyike zilainike mapema, akaweka na flaksi, ile dawa ya kusaidia risasi ishike, afu akanyonya yote na pampu. Tundu likatoka lenyewe bila kuvutwa.

Spea alitoa kwenye kopo la ving'amuzi vilivyokufa. Hakuchukua la kwanza aliloliona. Kuna la kukaza lenye nyuzi kama za dishi, akalipima akaliweka pembeni, lilikua fupi lisingefika nje ya mgongo wa king'amuzi. Akatafuta la kuchomeka, akaangalia kama kile kishimo cha kati bado kinabana, akalijaribu na pini kadhaa. Hili tundu la kuchomeka ni la zamani ajabu, asili yake ni Uingereza enzi za redio za miaka ya 1920, kampuni inaitwa Belling & Lee, na mpaka leo ndo lipo nyuma ya TV zetu. Ubaya wake ni kwamba huwezi kulikaza, linashikwa kwa kubana tu, kwahiyo likishapanuka kishimo cha kati hata ukibadilisha waya mara ngapi picha itagandaganda.

Kwa ile njia ya shaba iliyonyanyuka alikwangua taratibu mpaka shaba safi ikaonekana, akapaka risasi kidogo sana, akaunga kwa kiwaya kimoja kifupi kabisa. Nikamuuliza si angeweka waya mrefu kidogo iwe rahisi. Akasema hapana, hapa sio waya wa balbu. Siginali za TV zetu za antena zinakaa kwenye masafa ya megahezi 470 mpaka 694, wimbi lake lina urefu wa sentimita arobaini na kitu mpaka sitini na kitu tu, kwahiyo kiwaya cha sentimita chache kikining'inia humo ndani kinakua nacho ni antena, kinaharibu ule ulinganifu wa ohm 75 ambao tyuna na waya vinategemeana nao, na kinaanza kuokota vitu vya jirani. Na juu kidogo ya hapo, kuanzia 694, ndo wanakaa watu wa simu. Ndo maana pia ile ringi ya nje aliiunga duara zima bila kuacha upenyo, fundi mvivu huwa anaweka nukta mbili tatu anasema imeshika. Itashika ndio, ila bati likishakua na mwanya simu ikiita karibu na TV picha inaweza kuganda.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya nikae niandike yote haya.

Alipomaliza kuunga, kifaa kikiwa kinafanya kazi, hakunipa. Aliniambia nimletee ule waya na zile adapta za nyumbani. Nilipoleta akazichomeka zote kama zilivyokua akanionyesha zilivyo ndefu, akaweka kidole mwisho wa adapta akabonyeza kidogo tu, king'amuzi kizima kikanyanyuka upande mmoja. Akasema, "Mwanangu, risasi kazi yake kupitisha umeme, ukiitaka ibebe mzigo itapasuka tena hata niunge vipi." Mimi hapo nikamuheshimu moja kwa moja. Maana angeweza kunyamaza, akachukua hela yake, na mimi ningerudi baada ya muda na hela nyingine.

Alifanya vitu viwili. Kwanza hilo tundu jipya lilikua na nati, akalifunga kwenye mgongo wa king'amuzi wenyewe, sasa ukivuta waya nguvu inakwenda kwenye boksi la chuma na haifiki kwenye kile kibodi. Pili akatupa zile adapta akanitengenezea kipande cha waya laini kifupi, upande mmoja kichwa cha kuchomeka na upande wa pili unakaza na ule RG6 mgumu, na ile sehemu ya kukutana akaniambia niipige klipu nyuma ya kabati. Kwahiyo waya wa paa unavutana na kabati, king'amuzi chenyewe kimeshikwa na kiwaya laini kisicho na uzito. Sasa hivi hata mtu akisogeza kabati kinachochomoka ni hicho kichwa, hakuna cha kuvunjika. Wale wote wanaonunua TV mpya ya ukutani na waya mgumu wa dishi unaokunjwa kwa nguvu nyuma yake wakafanye hivihivi kabla hakijawakuta, hata fundi huhitaji, waya mfupi laini unauzwa.

Majaribio nayo hakuyakimbiza. Alirudisha hadidiski, akawasha, akaingia kwenye ile ukurasa wa siginali yenye nguvu na ubora. Akanambia niangalie ubora zaidi, nguvu inaweza kua kubwa na picha bado ikaganda. Akatikisa waya, akaupindisha juu chini kulia kushoto, ile namba ya ubora haikucheza. Akarekodi chaneli moja huku anaangalia nyingine kidogo, akaifungua rekodi ikacheza. Afu akajaribu na tundu la pili, lile la kutolea siginali kwenda kwenye TV, nalo linapita vizuri. Mwisho akanipa rimoti akasema fungua kitu chako mwenyewe. Nikafungua kwaya. Walikua wote, na baba kwenye besi. Mzee akasimama akaangalia wimbo mzima mpaka ukaisha, na kijana wake, na mteja mwingine alieleta redio.

Haya, sasa ile nyota moja.

Muda. Akikwambia kesho, wewe jipangie baadae ya kesho. Foleni yake ni kubwa, anafanya kazi moja moja na hawezi kuharakishwa, na umeme ukikatika kazi inasimama hana betri wala jenereta. Mi ilinikuta, tumefika katikati TANESCO wakakata, tukakaa tukapiga stori mpaka nikaondoka. Kama una kifaa cha biashara unakihitaji leo leo itakusumbua. Simu pia hapokei akiwa anaunga, na mara nyingi anaunga, kwahiyo kujua kama kazi imeisha ni mpaka uende. Risiti hakuna, anaandika kwenye karatasi ya daftari tarehe na alichofanya na kusaini, hiyo ndo waranti yako, ananiambia tundu likilegea ndani ya miezi mitatu nirudi bure. Mi naamini neno lake lakini wengine mngependa kitu chenye muhuri. Malipo ni keshi au M-Pesa.

Na kitu kingine nimemwambia yeye mwenyewe kwa heshima, ile fremu haina feni wala dirisha la maana, moshi wa flaksi unajaa na yule kijana ameinamia humo kutwa nzima. Moshi ule sio mzuri kwa kifua. Akasema ni kweli, na kijana wake akanipa jicho la asante. Natamani sana nikirudi nikute feni pale, hata ile ndogo ya mezani inayopuliza moshi utoke nje.

Tangu kirudi nyumbani masika imepita na mvua zake, king'amuzi kinasoma chaneli zote ikiwemo zile dhaifu ambazo hata kabla ya kuvunjika zilikua zinasumbua, nadhani zile adapta zilikua zinakula siginali muda mrefu hatujui. Waya haujaguswa na mtu, kitambaa cha mama kimerudi jikoni. Baba ameanza tena kurekodi taarifa ya habari ya saa mbili usiku anaiangalia alfajiri.

Wenye dishi mnaouliza kama anatengeneza na yenu, ndio anatengeneza, nilimuona akifanya kimoja cha kukaza ambacho nyuzi zilikua zimelika. Ila kwa cha dishi zimeni kwenye ukuta kabla ya kufungua waya, pale kuna volti 13 au 18 zinapanda kwenda kwenye LNB, kile kichwa cha mbele ya dishi, na ukigusisha ule waya wa kati kwenye ringi wakati kimewashwa unaweza kuunguza sehemu inayotoa huo umeme, na hilo ni tengenezo lingine lenye bei yake.

Ukienda beba rimoti, beba adapta ya umeme kama kifaa chako kinatumia ya nje, beba na waya uleule wa nyumbani na vichwa vyake vyote usiviache, na mwambie mapema kama kuna rekodi unazozihitaji. Nenda asubuhi, mchana jua linapiga mlangoni na anakua ameshazidiwa na wateja. Jumamosi anaondoka mapema, Jumapili hafungui.